Msimsahau anayesuka gurudumu

Kwenye makala yako ya baiskeli za mlimani, magurudumu umeyapita mbio mno. Baiskeli yangu ya mlimani niliiunda kipuri kimoja kimoja kwa miezi saba, na hakuna kazi iliyonishinda subira kama kusuka gurudumu la nyuma. Spoku 32, kila moja inakazwa robo mzunguko, kisha fundi anaigonga kwa ukucha na kusikiliza. Inayolia kwa sauti nzito kuliko nyingine za upande uleule imelegea.

Siku ya kwanza kwenye milima ya Ngong nilikuwa nimejaza upepo kama wa baiskeli ya lami. Ikarukaruka kwenye kokoto hadi vidole vikafa ganzi. Nikapunguza mpaka PSI 24, tairi likashika ardhi, kona zikaanza kunikubali. Raha niliyoipata siwezi kuieleza!

Halafu ungemtaja Joe Breeze wa California, aliyeunda fremu yake ya kwanza ya mlimani mwaka 1977. Kabla ya hapo, yeye na wenzake walishuka mteremko wa Repack kwa baiskeli kuukuu ambazo breki zake za nyuma ziliunguza grisi yote, ikabidi ijazwe upya.

Wewe gurudumu lako la nyuma lina spoku ngapi, na nani alilisuka?