Ukifunga Kifuniko, Mashini Haijazimika

BARAZANI
Na Alimasi Wilondja

Mega za intaneti za usiku ni rahisi kuliko za mchana, na mtandao huwa mwepesi watu wakishalala. Kwa hiyo kijana wa sekretaria, yaani duka la kuchapa nyaraka, hapa mjini Baraka anayetafuta maswali ya mtihani wa taifa wa Exetat ya miaka iliyopita, au mwalimu anayepakua vitabu vya darasa lake, hungoja usiku. Huanzisha kazi, hufunga kifuniko cha kompyuta, huenda kulala. Asubuhi hukuta moja kati ya mambo mawili. Ama mashini ilisinzia papo hapo kifuniko kilipofungwa, mega zimeisha muda na faili halikufika hata nusu; ama ilikesha ikifanya kazi juu ya godoro, imepata moto kama pasi, na batri imeanza kuharibika.

Hasara zote mbili zina chanzo kimoja: wengi wetu hatujui mashini hufanya nini kifuniko kikifungwa. Kufunga si kuzima. Kwenye kifuniko mna sumaku ndogo, na upande wa kibodi mna kihisi kinachoitambua. Kifuniko kikishuka, kihisi kinaiarifu mashini kwamba kimefungwa, basi. (Ndiyo maana simu yenye kava la sumaku, ikiwekwa pembeni mwa kibodi, huweza kuzima skrini ghafla na mtu akadhani ni virusi.) Kinachofuata baada ya hapo ni agizo alilokuta mwenye mashini siku aliponunua, na kwa kompyuta nyingi za Windows agizo hilo ni kulala. Ana haki ya kulibadilisha, ila aliyemuuzia hakumwambia.

Kompyuta zetu nyingi huzungumza Kifaransa, kwa hiyo nayataja maneno kama yanavyoonekana kwenye skrini. Ingia Panneau de configuration, kisha Options d'alimentation, kisha Choisir l'action qui suit la fermeture du capot. Utaona safu mbili, Sur batterie na Sur secteur. Kwenye Sur secteur, yaani mashini ikiwa inapata umeme, weka Ne rien faire, ili iendelee na kazi. Kwenye Sur batterie usiweke hivyo hata kidogo. Anayefunga mashini isiyo na waya mara nyingi anataka kuibeba, na mashini inayofanya kazi haifai kubebwa. Hapo weka Veille prolongée, ambayo huandika kazi yako yote kwenye diski kisha huzimika. Batri hata ikiisha kabisa, hupotezi barua uliyokuwa unaiandika. Veille ya kawaida huacha kazi hiyo kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme, na umeme ukiisha nayo imekwenda.

Bado kuna saa ya kungojea: ukiwa kwenye Sur secteur, mashini isiyoguswa kwa muda fulani hulala yenyewe hata kama umeweka Ne rien faire. Muda huo nao uuwekee Jamais. Wengi husahau hapa, wakaamka asubuhi wakilaumu mtandao. Wenye Mac ni habari nyingine, kwa kawaida mashini yao iliyofungwa hukubali kufanya kazi ikiwa imeunganishwa na umeme na skrini ya nje.

Sasa joto, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Mashini nyingi huvuta hewa kwa chini na kuitoa pembeni au nyuma, karibu na bawaba. Joto jingine hupanda kupitia kibodi. Ukifunga kifuniko, joto lile la kibodi linakutana na skrini, na kwa baadhi ya mashini kifuniko huziba sehemu ya matundu ya nyuma. Ongeza godoro chini, ongeza chandarua na shuka juu, ongeza bati la nyumba za kwetu huku ziwani lililokunywa jua mchana kutwa. Kichakataji kinajua kujitetea: kikipata joto hupunguza kasi, na joto likizidi mno huzima mashini yote. Batri haijitetei vizuri hivyo dhidi ya joto la kila usiku. Batri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, wala hazipendi kukaa zimejaa hadi 100 kwa 100 huku zikipikwa. Hazifi siku hiyo. Zinaliwa kidogo kidogo.

Fundi mmoja wa sokoni alinionyesha mwisho wake. Ilikuwa mashini ya mwalimu, aliyekuwa anaificha chini ya mto usiku ili isiibiwe, ikiwa imefungwa na inafanya kazi. Ile sehemu ya kugusa kwa kidole ilikuwa imeinuka upande mmoja. Kifuniko hakikukaa sawa. Ukiiweka mezani, inayumba. Fundi alilegeza skrubu za chini moja moja, akafunua, na batri iliyopaswa kuwa bapa ilikuwa imetuna, ngozi yake imekaza. Hakuibonyeza, hakuichokoa kwa bisibisi. Alichomoa waya wake kwa ncha za vidole, akaitoa, akaiweka uani ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na nyumba na watoto. Batri iliyovimba ikitobolewa huweza kushika moto, na moto wake hauzimiki kirahisi. Mwalimu yule alikuwa amelala na kitu kile chini ya kichwa chake.

Jambo hili linaniuma zaidi nikikumbuka inakotoka batri yenyewe. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu ya Kongo, kule Lualaba na Haut-Katanga. Inaondoka kwetu ikiwa malighafi, inarudi Baraka ndani ya kompyuta iliyokwishatumiwa na watu wengine, batri yake nusu imechoka. Ikifa, batri halisi ya mashini ile ni shida kuipata hapa. Inayopatikana mara nyingi ni ya kuiga. Mtu aliyelipia mashini kwa mavuno ya msimu mzima hastahili kuipoteza kwa sababu ya godoro.

Dawa si ngumu. Mashini inayokesha iwekwe juu ya meza au ubao, vipande viwili vya mbao chini yake ili hewa ipite, matundu yote yakiwa wazi. Vumbi la kiangazi liondolewe kwenye feni, maana feni iliyoziba ni sawa na kutokuwa nayo. Chapa kadhaa zina mpangilio wa kuzuia chaji isizidi 80 kwa 100. Uwashe, kwa mashini inayokaa kwenye waya muda mrefu. Na kama huna sababu ya kufunga kifuniko, usikifunge: acha mashini wazi, amuru skrini izimike baada ya dakika 1. Sababu halali zipo. Vumbi, watoto, wadudu wanaofuata mwanga, na mwanga wenyewe unaomwonyesha mpita njia kuwa ndani mna kompyuta. Mimi siwalaumu wanaofunga. Nawaomba wafunge kwa mpango.

Kwa wanaotegemea sola, faida ya skrini iliyozimwa ni ya kuhesabika. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Mashini ndogo inayopakua faili skrini ikiwa imezimwa inaweza kula wati 10 hivi. Kwa saa 8 ni 80, na ukijumlisha kinachopotea kwenye invata unakaribia 100. Kinachobaki kinatosha taa na simu za nyumba. Chaja inayochukua volti 12 moja kwa moja bila kupitia invata hupunguza hata upotevu huo.

Safari ni jambo jingine. Kabla ya kupanda pikipiki kwenda Fizi au mtumbwi wa injini kuvuka Ghuba ya Burton kwenda Ubwari, chagua Arrêter na usubiri taa na feni zizime. Mashini nyingi za siku hizi zikiwa kwenye veille hazilali kabisa. Huamka zenyewe kutafuta mtandao, na ndani ya mfuko hazina pa kupumulia. Zile za zamani zenye diski inayozunguka zina hatari yao: mtikisiko wa barabara ya milimani ukizikuta zimewaka, kichwa cha kusomea cha diski huweza kukwaruza sahani, na kazi ya miaka huenda nayo.

Na nyaraka za watu. Sekretaria zetu zimehifadhi diploma, kadi za mpiga kura na barua za wateja. Kompyuta iliyofungwa ikiwa inafanya kazi, yeyote atakayeinua kifuniko anaweza kukuta kila kitu wazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kabla ya kufunga, ili idai neno la siri.

Mafundi na wauzaji wa soko la Baraka, ombi langu ni kwenu. Kabla hamjampa mteja mashini yake, mwulizeni ataitumia wapi na saa ngapi, mpangieni safu zile mbili mbele ya macho yake, na mwonyesheni matundu ya hewa yalipo. Wakuu wa shule nao waulize hayo hayo siku wanapopokea kompyuta za msaada, kabla ya kutia saini.