Enzaimu ziko kwenye mfuko wa yuria, jamani

Mwenzenu niko nyumbani Mpanda na kuna jambo linanikera.

Enzaimu tulifundishwa kwa mfano wa kufuli na ufunguo. Tukakariri, tukafaulu, basi. Sasa ni zamu yetu kufundisha, na wengi tunakwenda kuchora kufuli lile lile, halafu tunalalamika kwamba watoto wa kidato cha tatu wanaikimbia sayansi. Mimi naona tatizo si watoto.

Chukueni yureasi. Mkulima wa mpunga wa Kakese au Mwamkulu haijui kwa jina, ila kazi yake anaijua: akimwaga yuria juu juu bila kuifukia, sehemu ya mbolea inapotea hewani kama amonia. Wanaofanya hivyo ni vijidudu vya udongoni, kwa kutumia yureasi. Na ile harufu ya choo cha stendi? Ni yureasi tena, safari hii inavunja yurea ya mkojo. James Sumner aliigeuza kuwa fuwele mwaka 1926, enzaimu ya kwanza duniani kufanyiwa hivyo, na mwaka 1946 akapata Nobel.

Sasa sikieni walichofanya Barcelona. Walichukua chembe za silika, jamii ya mchanga, ndogo kiasi kwamba ukipanga mia moja mstari mmoja hazifikii unene wa unywele. Wakazinatishia yureasi. Zikiingia kwenye kibofu, yureasi inavunja yurea iliyomo na mmenyuko huo unazisukuma chembe zitembee. Yaani mkojo ndio petroli! Vijimota vya mwanzo, miaka ya 2000, vilitumia haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu mwilini. Ndiyo maana watu wakageukia enzaimu. Januari 2024 walitangaza kwamba chembe hizo zikibebeshwa iodini ya mionzi, dozi moja ilipunguza uvimbe wa saratani ya kibofu kwa karibu asilimia 90. Ni kwa panya lakini, msije mkamwambia bibi dawa imepatikana.

Na saratani hiyo haiko mbali nasi. Kichocho cha mkojo kikikaa miaka bila tiba ni moja ya vyanzo vyake, na kichocho nchi hii tunacho. Kwa hiyo kwangu mimi prazikwanteli kwanza, vijimota baadaye.

Najua mtasema maabara hazina vifaa. Kweli, niliko mimi kabati lina chupa tupu. Lakini saga soya mbichi, weka maji na kijiko cha yuria ya shambani, chovya litmasi nyekundu, subiri. Itageuka bluu na amonia utainusa. Unga wa soya zilizokaangwa haufai, moto umeshaharibu yureasi, na hilo nalo ni somo zima. Kisha waulize: yureasi hii tutaitumiaje tena kesho? Hapo watagundua wenyewe kwamba iliyoyeyuka imekwenda na maji, wakati iliyonatishwa kwenye chembe unaichuja na kuirudisha kazini. Kufuli na ufunguo havikupi swali hilo.

Jumatano naingia nalo kidato cha tatu. Mwenye litmasi zilizobaki anibipu, soya ninazo.