Waacheni Watoto Waitazame

Katika usharika wetu, ulio kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, lilikuwa jambo dogo mwishoni mwa ajenda ya baraza la wazee: je, watoto wa Shule ya Jumapili na wanafunzi wa kipaimara waoneshwe filamu ya makala kuhusu mabadiliko ya tabianchi? Mwalimu wao alipendekeza An Inconvenient Truth, filamu ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Davis Guggenheim, ambamo Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, anaeleza kwa picha na michoro jinsi dunia inavyozidi kupata joto. Aliichagua kwa sababu mlima wetu umo ndani yake. Tulidhani tutalimaliza kwa dakika tano. Lilichukua vikao vitatu, na mwishowe likaahirishwa "mpaka watoto wakomae".

Sisi tunaoandika haya ni wazazi na wazee tuliokuwa katika vikao hivyo, na baadhi yetu tulinyoosha mkono kuunga mkono kuahirisha. Tunaandika kukiri kwamba tulikosea. Na kwa kuwa hoja tulizozitoa siku zile tumezisikia pia katika sharika nyingine, tunaomba kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba watoto wataogopa. Ni hoja ya upendo, na hatuidharau. Bwana wetu alitoa onyo kali juu ya mtu anayemkwaza mmoja wa wadogo hawa. Lakini tuulize: katika filamu hii kuna nini? Hakuna damu, uchi wala matusi. Nchini Marekani ilipangwa katika daraja la filamu ambazo watoto wanaruhusiwa kuziona kwa uongozi wa wazazi. Kuna katuni ya dubu wa barafuni anayeogelea akitafuta pa kupumzika. Kuna ramani za miji ya pwani ikifunikwa na maji. Kuna simulizi la mtoto wa Gore mwenyewe aliyegongwa na gari akiwa na umri wa miaka sita. Yapo ya kumhuzunisha mtoto, tena sana. Lakini watoto hawa hawa huja nasi misibani, hupita mbele ya jeneza lililo wazi, na husikia mahubiri ya ziwa la moto bila mzee yeyote kusimama na kuuliza kama umri wao unaruhusu. Gharika tunawafundisha kwa picha ya twiga anayechungulia dirishani mwa safina akitabasamu, na waliobaki nje ya safina hatuwataji. Je, huko ndiko kuwalinda?

Tena hofu tunayosema tutawaletea wanayo tayari. Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani kwa siku nyingi, na usiku watoto walisimama uani wakiutazama mstari mwekundu ukitambaa gizani. Waliuliza maswali. Wengi wetu tuliwajibu, "Nendeni mkalale." Wanajua mfongo uliokuwa ukimwagilia migomba ya babu zao siku hizi hukauka mapema, kwa maana wao ndio wanaotumwa na ndoo. Mtoto anayeona jambo na kukatazwa kuliuliza haachi kuogopa. Huendelea kuogopa, akiwa peke yake.

Maandiko yanamjua mtoto wa namna hiyo. Samweli alikuwa kijana mdogo alipoitwa usiku hekaluni, kama tunavyosoma katika 1 Samweli 3. Sisi hupenda kuwafundisha watoto nusu ya kwanza ya habari ile, mahali anapoitika vizuri, kisha tunafunga kitabu. Nusu ya pili ni nzito. Ujumbe aliopewa ulikuwa wa hukumu juu ya nyumba ya Eli, mzee aliyemlea. Mungu hakuona kwamba Samweli ni mdogo mno kwa habari ile. Samweli alilala mpaka asubuhi akiogopa kusema. Naye Eli, pamoja na makosa yake yote, alifanya jambo moja jema: alimwita mtoto na kumtaka asimfiche chochote, ingawa alihisi kwamba habari ile inamhusu yeye. Sisi tulishindwa kufika hata hapo alipofika Eli.

Hoja ya pili ilisema haya ni mambo ya Wazungu na siasa zao. Ni kweli kwamba Gore ni mwanasiasa, na ni kweli kwamba bara lote la Afrika linatoa chini ya asilimia 5 ya hewaukaa inayotolewa duniani. Watoto wetu hawakuuchoma mkaa wa mawe wa Ulaya wala hawakuendesha magari ya Marekani. Lakini hiyo ni sababu ya kuwaeleza, siyo ya kuwanyamazia. Asiyejua jinsi deni lilivyotokea hawezi kudai haki yake. Manabii Amosi na Mika hawakuogopa kutaja nani alimdhulumu nani, nasi husoma vitabu vyao ibadani bila kuviita siasa. Tena yako mambo ambayo hatuwezi kuyasingizia mataifa ya mbali. Aliyewasha moto shambani kiangazi na kuuacha ukimbie ni jirani yetu. Aliyelima mpaka ukingoni mwa mto anatuuzia mboga.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuuma zaidi, kwa kuwa ilivaa vazi la imani. Mzee mmoja alisema Mungu aliweka upinde wake mawinguni, kwa hiyo kuwaambia watoto kwamba dunia iko hatarini ni kuwafundisha kutoamini. Mwingine akasema hizi ni dalili za siku za mwisho. Yaliyoandikwa lazima yatimie, tutafanya nini? Angalieni jinsi hoja hizi mbili zinavyopingana: moja yasema hakuna baya litakalotokea, nyingine yasema kila baya lazima litokee. Kitu kimoja tu kinaziunganisha: zote mbili zinatupa ruhusa ya kukaa. Ahadi ya Mwanzo 9 ni kwamba gharika haitauharibu tena ulimwengu wote. Haikuahidi kwamba bonde halitaporomoka juu ya watu wakikata miti ya kilima. Katika kitabu hicho hicho Yusufu alipojua kwamba njaa inakuja hakumwambia Farao atulie kwa imani, wala hakusema yaliyoamriwa yatatimia. Alijenga maghala. Imani yake ilionekana katika nafaka.

Hoja ya nne ni kwamba filamu ina makosa. Hapa tunasema wazi: ni kweli. Mwaka 2007, baada ya serikali ya Uingereza kuamua kuipeleka filamu hii katika shule za sekondari, mzazi mmoja aliyekuwa pia mjumbe wa bodi ya shule alikwenda Mahakama Kuu kupinga. Oktoba mwaka huo Jaji Michael Burton aliamua kwamba filamu kwa ujumla ni sahihi katika madai yake makuu ya kisayansi, lakini akataja mambo tisa yaliyokwenda mbali kuliko ushahidi uliokubalika na wanasayansi wengi. Hakuizuia. Alitaka ioneshwe pamoja na mwongozo wa walimu unaoyaeleza mambo hayo, ili wanafunzi wasisikie upande mmoja tu. Mojawapo ya mambo hayo tisa ni theluji ya Kilimanjaro.

Filamu inasema kwamba ndani ya miaka kumi theluji ya mlima huu itakuwa imekwisha. Miaka hiyo imepita zamani, na mtoto wetu akitoka nje asubuhi isiyo na mawingu ataiona ingalipo. Zaidi ya hayo, wanasayansi waliouchunguza mlima wanaeleza kwamba barafu ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya huku ilipozidi kuwa kavu. Jua huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji, na theluji mpya haitoshi kuijazia. Kwa hiyo si rahisi kusema ni kiasi gani cha upungufu huo kimetokana na joto la dunia. Lakini upungufu wenyewe hauna ubishi. Mwaka 1912 barafu ilifunika takribani kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2000 karibu sehemu nne kati ya tano zilikuwa zimetoweka. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu hii huenda ikaisha ifikapo 2050.

Je, kosa hilo ni sababu ya kuificha filamu? Sisi tunaona ni sababu ya kuionesha huku mtu mzima akiwa ameketi kando ya mtoto. Mtoto anayeambiwa, "Hapa msimulizi aliharakisha, hapa yuko sahihi, na mlima wenyewe ule pale, utazame," anajifunza kitu ambacho hakuna filamu inayoweza kumfundisha: kwamba ukweli hupimwa, na kwamba anayeupenda ukweli hautii chumvi hata kwa kusudi jema. Amri inayotukataza kushuhudia uongo haina msamaha kwa watetezi wa mazingira.

Sasa tuseme jambo ambalo halikusemwa katika vikao vile vitatu, ingawa kila mtu aliyekuwamo alilifahamu. Ukumbi ambamo filamu ingeoneshwa umepauliwa kwa mbao za miti tuliyoikata kando ya mto, katika ardhi ya usharika, kwa idhini yetu wenyewe. Kila mwaka wanafunzi wa kipaimara hupewa miche wapande, na sisi hupiga picha nao. Tulijua kwamba baada ya filamu mtoto mmoja angeinua macho juu, aangalie kenchi, na kuuliza. Hofu tuliyoiita hofu ya watoto ilikuwa yetu.

Katika filamu hiyo Gore anasimulia kwamba familia yake ililima tumbaku kwa miaka mingi, hata baada ya madhara yake kujulikana, mpaka dada yake aliyekuwa mvutaji alipofariki kwa saratani ya mapafu. Ndipo baba yake akaacha kilimo hicho. Kipande hicho peke yake kingetosha kuwa somo la toba kwa darasa la kipaimara, na kwa baraza la wazee pia.

Basi tunapendekeza hivi. Watoto wa chini ya miaka tisa wasioneshwe filamu nzima; kwao inatosha kuwapeleka mtoni, kuwaonesha chemchemi na kuwaeleza. Wenye miaka kumi na zaidi waione, kila mmoja akiwa na mzazi au mlezi. Ikatwe vipande vya robo saa, kwa maana ni ya Kiingereza na lazima mwalimu atafsiri na kuruhusu maswali. Mambo ambayo mahakama iliyataja yaelezwe bila kuficha. Na mtoto asirudi nyumbani na huzuni mikononi bila kazi ya kufanya: siku ya pili wote, wazee kwa watoto, waende kando ya mto wakapande miti ya asili pale pale tulipokata, na wazee ndio waishike majembe kwanza.

Mtoto akiuliza kuhusu kenchi, ajibiwe. Ajibiwe na mmoja wetu aliyenyoosha mkono siku ile, kwa maneno machache: tulikata, tulikosea, tusaidieni kupanda. Tutakaporudi kwenye baraza kuomba jambo hili lifunguliwe upya, tutaanza kwa kusema maneno hayo wenyewe, kabla mtoto hajatuuliza.