Kumchinja Kuku Uliyemlea



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Vanga, mama humlea kuku tangu yai. Humkinga na kunguru na mwewe, humpa pumba na makombo ya wali, hata kuku akaijua sauti yake. Siku ya kumla ikifika, mama huyo huyo husimama mlangoni akitafuta mwanamume anayepita. Akikosekana mtu mzima, huitwa mtoto wa miaka kumi anayerudi madrasa, akakabidhiwa kisu cha kukatia vitunguu. Yanayofuata wengi wetu tumeyashuhudia: kisu hakikati, mtoto anaogopa, shingo ya kuku inasuguliwa mara tatu au nne, kisha kuku anaachiliwa atapetape uani.

Desturi hii haina msingi katika sheria. Imamu Bukhari amepokea kisa cha mjakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga kondoo karibu na mlima wa Sal' pale Madina. Alipoona mmoja wao anakaribia kufa, alivunja jiwe akamchinja kwa ukali wake. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, aliruhusu nyama hiyo iliwe. Kichinjo cha mwanamke wa Kiislamu ni halali, hata akiwa katika hedhi. Cha mtoto mwenye kupambanua nacho chafaa, lakini kufaa kwake si sababu ya kumtwika mtoto kazi ambayo watu wazima wameikwepa.

Mwenye kuchinja kwa mara ya kwanza huogopa, na kulia si aibu. Hata hivyo, woga usiingie mkononi. Mkono unaosita hukata juu juu, na jeraha la juu juu ndilo linalomtesa mnyama. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, lililo wajibu ni kukata halkum, yaani njia ya pumzi, na mari-i, yaani njia ya chakula, zikatike zote mbili kabisa. Kukata ile mishipa miwili mikubwa ya damu iliyo pembeni ya shingo ni sunna. Wako wanaosikia neno sunna wakalegea. Lakini ni mishipa hiyo ikikatika ndipo damu inapotoka kwa kasi na kuku akapoteza fahamu upesi. Mishipa ikisalimika, kichinjo chaweza kuswihi naye kuku akaendelea kuumia kwa muda mrefu. Nionavyo mimi, anayeanza aikusudie mishipa hiyo kana kwamba ni wajibu.

Maandalizi huanza usiku. Mnyime kuku chakula tangu jioni ili matumbo yawe matupu, ila maji asinyimwe. Kama alikuwa akitibiwa, usimchinje mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa. Baada ya sala ya alfajiri, mchukue taratibu angali amekaa bandani. Kumfukuza kuku uani robo saa nzima ni kumtesa kabla ya kisu. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws aliyoipokea Imamu Muslim, tumeamrishwa kufanya wema hata katika kuchinja, tunoe kisu na kumstarehesha mnyama. Basi kinoe kwenye kinoo mbali na macho yake, na wenzake wasimwone akichinjwa. Kijaribu kwa nyanya mbivu: kisu kinachopasua ganda lake bila kukandamizwa kinatosha.

Mwenzio na amshike mbawa na miguu, amlaze ubavu wa kushoto, nawe mwelekee kibla pamoja naye. Asiye na msaidizi achukue dumu la lita tano, alikate kitako, aupanue mdomo, kisha alipigilie mtini mdomo ukiwa chini. Kuku huingizwa humo, kichwa kikatokeza chini, naye hutulia kwa kuwa mbawa zimebanwa. Yapangue manyoya ya shingo kwa maji kidogo ili kisu kisiteleze. Kumnyonyoa shingo angali hai, kama wafanyavyo baadhi yetu, ni maumivu yasiyo na haja.

Kisha lipapase koromeo kwa kidole. Kisu kipite chini yake, koromeo libaki upande wa kichwa. Vuta kichwa kidogo ngozi ikazike, sema Bismillahi Allahu Akbar, ukate kwa nguvu huku ukivuta kisu kwenda na kurudi, bila kukiinua mpaka njia zote mbili na mishipa yote miwili ikatike. Usiendelee hadi kukitenga kichwa.

Kuku atapiga mbawa kwa nguvu. Hapa ndipo wengi huingiwa na hofu wakamwachia. Mshike vivyo hivyo. Mtikisiko huo ni wa misuli na huja hata baada ya fahamu kutoka. Subiri dakika mbili au zaidi, kisha liguse jicho lake kwa ncha ya kidole. Likipepesa, bado yu hai. Haraka ya kumtia katika maji ya moto ndilo kosa baya kuliko yote niyajuayo jikoni mwetu. Ni ukatili, na kama njia zile hazikukatika sawasawa naye akafia majini, hicho ni kibudu.

Tena ioshe damu ya shingoni kwa maji ya kumimina kabla ya kumchovya. Maji ya sufuria ni machache, na damu ni najisi, hivyo tone likiingia maji yote yananajisika pamoja na kuku mwenyewe. Maji yawe ya moto yasiyotokota, maana yakitokota ngozi huiva na kuchanika pamoja na manyoya. Damu na matumbo vifukieni kwenye shimo la mchanga, nzi wasikusanyike.

Watoto waliompa kuku jina waelezwe mapema atakwenda wapi. Asiyetaka kuona asilazimishwe, na asiyetaka kula siku hiyo apewe maharagwe bila kuchekwa.

Nyama ipumzike mahali pa baridi saa kadhaa kabla ya kupikwa, kwa sababu misuli hukakamaa. Mtetea aliyetaga miaka miwili haivi upesi. Mchemsheni polepole kwa tangawizi na kitunguu thomu mpaka nyama ilegee, ndipo tui litiwe.