Somerset: Akiba ya Taunton, Gharama ya Kijijini

Tarehe 1 Aprili 2023 halmashauri nne za wilaya za kaunti ya Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, zilivunjwa: Mendip, Sedgemoor, South Somerset, na Somerset West and Taunton. Vibali vya ujenzi na ukusanyaji wa taka vikahamia kwa halmashauri moja ya kaunti, yenye makao Taunton, ambayo tayari ilibeba barabara na matunzo ya wazee na watoto. Viti vya madiwani, vilivyozidi 250 katika ngazi zote mbili, vikabaki 110 kwa wakazi wapatao 570,000.

Hoja kuu ilikuwa akiba: pauni milioni 18.5 kwa mwaka. Wilaya zilitaka halmashauri mbili, na katika kura ya maoni ya 2021 takriban asilimia 65 ya waliopiga waliziunga mkono. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria, wala waliojitokeza hawakuwa wengi. Serikali kuu ikachagua moja. Novemba 2023, mtoto hajaota meno, halmashauri mpya ilitangaza dharura ya kifedha: bajeti ya mwaka uliofuata ilipungukiwa na takriban pauni milioni 100. Kuulaumu muungano peke yake ni uonevu, kwani gharama za matunzo zilikuwa zikipanda nchi nzima. Hata hivyo, akiba iliyonadiwa haikutosha hata kuziba sehemu ya tano ya pengo hilo.

Ngazi ya chini kabisa, parokia, haikuguswa. Msomaji wa Kiswahili akisikia neno hilo hufikiria padri, na hakosei sana: mipaka mingi ilirithiwa kutoka kanisani, hadi sheria ya 1894 ilipoyatenga mambo ya kiraia na kuvipa vijiji vya watu 300 au zaidi mabaraza ya kuchaguliwa. Baraza huwa na wajumbe wasiopungua watano, kwa kawaida bila mshahara, na karani wa saa chache kwa wiki. Mara nyingi wagombea hawafiki idadi ya viti, hivyo wote hupita bila kupingwa na nafasi zilizobaki hujazwa kwa uteuzi. Kuhusu ujenzi, baraza hutoa maoni tu. Uamuzi uko kwingine. Ajenda yake ni benchi lililooza, nyasi za makaburini, au kile kibanda chekundu cha simu ambacho kampuni ya BT, tangu 2008, huyaachia mabaraza kwa pauni moja. Simu hung'olewa, mahali pake pakawekwa rafu ya vitabu au kifaa cha kushtua moyo, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kukagua betri.

Wajumbe hao na makarani wao ndio wanaoombwa sasa na halmashauri kubwa kupokea vyoo vya umma na ukataji wa nyasi. Sababu iko kwenye kodi. Halmashauri kubwa haiwezi kupandisha kodi ya makazi kupita kiwango cha serikali bila kuitisha kura ya wananchi au kupewa ruhusa maalumu. Mwaka 2024 Somerset iliomba nyongeza ya asilimia 9.99 ikakataliwa, ikaishia 4.99. Tozo ya parokia, inayolipwa ndani ya ankara ileile, haijawekewa kikomo hicho. Kwa hiyo choo kikihamia parokia, daftari la Taunton hupata nafuu na mwenye nyumba huendelea kulipa. Mji kama Frome, wenye ofisi na wafanyakazi, unaweza kuumudu mzigo huo. Kijiji cha eneo la Exmoor chenye karani mmoja hakiwezi. Hesabu ya haki ya akiba ingejumlisha tozo zote za parokia kabla na baada ya muungano, na kila kazi ingeshushwa pamoja na fedha yake.

Desemba 2024 serikali ilitangaza nia ya kufuta mfumo wa ngazi mbili katika kaunti zilizobaki, ikitaja watu 500,000 kama ukubwa wa kuanzia. Kwa kipimo hicho, Somerset imefaulu.