Raketi ya staa ya nini?

Kijana wa Murongo anayetaka kucheza tenisi hana duka la jirani la kurudisha raketi. Ataagiza Mwanza, au ng'ambo ya mto Kagera, Mbarara huko, na ikishafika ndiyo hiyo hiyo, imfae isimfae. Inasikitisha akiagiza nzito yenye kichwa kidogo, eti kwa kuwa staa fulani alishinda nayo.

Roger Federer mwenyewe aliikimbia. Miaka na miaka alicheza na kichwa cha inchi za mraba 90, ambacho mpira ukigonga pembeni kidogo tu umepotea. Mwaka 2014 akahamia inchi 97. Mwaka 2017, akiwa na miaka 35, akabeba Australian Open na Wimbledon. Nani alimcheka?

Sasa anayeanza aone aibu ya nini? Achukue kichwa cha inchi 100 hata 105, gramu 280 hivi, nyuzi laini zisizokazwa sana. Mpira utavuka wavu bila kuua bega. Ila nyepesi kupita kiasi nayo siyo, hasa ikiwa ngumu: mtikisiko wote unaishia kwenye kiwiko. Kiwiko kikianza kuuma, raketi inatundikwa ukutani, na pesa ya kahawa imekwenda.