Fungueni Bandeji Usiku Huohuo

Machimbo yakiporomoka, mkoa wetu wa Lualaba, Kongo, huhesabu maiti. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 27 Juni 2019, shimo la mgodi wa KOV hapa Kolwezi lilipobomoka na kuua wachimbaji zaidi ya 40. Anayetolewa hai, kigasha kikiwa kimebanwa na jiwe kwa saa kadhaa, huambiwa ashukuru Mungu. Miezi michache baadaye vidole vimejikunja kama kucha za mwewe, sururu haishikiki, na mtaani wanasema karogwa.

Hajarogwa. Richard von Volkmann, daktari wa upasuaji wa Halle, Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1881. Misuli ya kigasha imevikwa utando mgumu usiotanuka. Ikivimba, shinikizo huizuilia damu. Misuli hufa, na kovu linalochukua nafasi yake hujivuta. Misuli ya ndani kabisa, inayokunja vidole na dole gumba, ndiyo hutangulia. Inaweza kuvumilia saa nne hivi; zikifika sita au nane, madhara ni ya kudumu. Mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono huwadanganya wengi, kwa kuwa huendelea kusikika huku misuli inakufa. Dalili ya kuamini ni maumivu yanayozidi jeraha lenyewe, hasa mtu mwingine anapomnyoosha mgonjwa vidole.

Si jiwe pekee linalobana. Hospitalini tumezoea kumlaumu mganga wa jadi wa mifupa na mabanzi yake. Sawa, lakini plasta iliyozungushwa mkono mzima siku ya kwanza, kabla uvimbe haujatulia, hufanya madhara yaleyale, tena kwa risiti. Mtoto aliyeanguka mtini akavunjika juu ya kiwiko anaweza kupotezewa mkono na mganga au na hospitali. Maumivu yakizidi baada ya kufungwa, kila kitu kifunguliwe hadi kwenye ngozi, hata kama mfupa utahama. Mfupa hurudishwa. Maumivu yasipopungua, ni kazi ya daktari kuupasua ule utando, bila kusubiri asubuhi.

Makala haya yanawahusu pia waliochelewa. Kunja kifundo cha mkono wa mgonjwa: vidole vikinyooka, viungo vyake bado vizima, kilichofupika ni misuli. Hapo banzi lililotengenezwa kwa bomba la plastiki lililolainishwa motoni, likirekebishwa kila baada ya wiki chache, linaweza kurudisha kiasi fulani kabla ya kufikiria kisu. Kazi hiyo ni ya miezi, na mchimbaji wa mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi asiye na mwajiri wa kumdai fidia hula alichopata leo. Kwa hiyo kati ya kliniki inayomtaka aje mara tatu kwa wiki na mke au kaka aliyefundishwa kumnyoosha vidole nyumbani kila jioni, sisi tunaanza na huyo wa nyumbani.